Magurudumu Mawili Ambayo Hakuna Aliyeyaiba

Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu na simu mkononi, mkitaka niwaeleze siri ya ubunifu, kaeni kwanza. Vuteni hilo benchi, ila msikalie upande wa kushoto. Mguu wake umelegea, na fundi wa kuutengeneza ni mimi, nami nimestaafu. Msidhani nalia. Macho yangu yanatoa machozi kwa sababu ya miaka ya kuchomelea vyuma nikiwa nimevaa miwani ya jua, maana nilidhani ile kofia yenye kioo cheusi ni ya waoga. Andikeni hilo kabla ya mengine yote.

Nimefanya kazi ya mbao na chuma hapa Kasongo tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zikawa nyeupe. Milango, vitanda, madawati, mageti, yote yamepita mikononi mwangu. Mkiniuliza ni kifaa gani kilichonisaidia zaidi, sitasema nyundo, nitasema shaka. Mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akiniambia nitengeneze tu nitakavyo, nashuku. Akisifu kazi kabla hajaigusa, nashuku zaidi. Mke wangu anasema nashuku hata chumvi, na sina la kujitetea, kuna siku aliniona nikiionja mara mbili.

Tabia hiyo alinitia mwalimu wangu, Fundi Sefu wa Nyangwe, Mungu amrehemu. Nilipokuwa mwanafunzi wake, mama mmoja muuza samaki wa moshi alituagiza mlango wa jikoni. Nikamuuliza anautaka kimo gani. Akasimama wima, akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akasema, "Hapa." Nikapima hapo, nikakata, nikasimamisha fremu, nikajisifu moyoni. Kesho yake Fundi Sefu akanibebesha beseni la samaki kichwani, akaniambia niingie jikoni. Beseni likagonga fremu, samaki wakatapakaa uani, na kuku wa jirani wakawahi.

"Ulipima mama," Fundi Sefu akasema. "Nani alikuambia anaingiaka bila beseni?"

Niliokota samaki wote peke yangu, na yule mama akinihesabia kila kichwa. Tangu siku ile, nikipewa jibu, naangalia kwanza kichwa cha anayejibu kimebeba nini siku za kazi. Lakini kushuku pia kunasahaulika, na siku niliposahau ilikuwa karibu mtu aumie. Hiyo ndiyo nataka kuwaambia.

Hiyo siri mnayoitafuta ina jina refu la Kifaransa, na kwa maneno yetu maana yake ni kuunda kitu ukianzia kwa mtu atakayekitumia. Ililetwa hapa na shirika moja ambalo jina lake sitalitaja. Waliita mafundi, wauguzi na walimu kwenye darasa moja la shule, mafunzo ya siku tatu. Mimi mtu akiniandika jina kabla hajanieleza shida yake, namshuku. Kwa hiyo nilipoletewa karatasi ya mahudhurio, niliandika jina la shemeji yangu Amisi. Siku tatu nzima nikaitwa Papa Amisi, na mara nyingi nikasahau kuitika. Mwisho tukapewa vyeti. Cheti changu kiko ukutani kwa shemeji yangu mpaka leo, naye anawaonyesha wageni bila aibu.

Mwalimu alikuwa binti wa Bukavu, Madamu Esperance, mwenye sauti ya upole na mfuko uliojaa vikaratasi vya rangi vyenye gundi upande mmoja. Akatueleza hatua tano. Kwanza unamsikiliza mtu. Kisha unalitaja tatizo lake kwa sentensi moja. Halafu unatafuta mawazo mengi, hata ya kijinga. Baadaye unatengeneza mfano wa haraka, wa miti na kamba, usioumiza roho ukivunjika. Mwisho unampa mwenyewe aujaribu, na ukikosea unarudi nyuma. Mimi nilikuwa nangoja hatua ya sita, ya chakula.

Vikaratasi vile sikuvipenda. Gundi yake haikushika vizuri, na fundi gani anasifu gundi isiyoshika? Siku ya pili upepo ukaingia mlangoni, ukaving'oa vyote ukutani, matatizo ya watu na majibu yao yakachanganyikana sakafuni. Madamu Esperance akainama kuokota huku akicheka. Nikamsaidia, lakini sikucheka. Nilikuwa nawaza kwamba kesho watatuuzia kitu.

Hawakuuza. Walitupeleka kwenye kijiji kimoja cha njia ya Wamaza, upande wa Kabambare, tukamsikilize mtu. Kwanza tulisikiliza vibaya. Tulikusanya watu wote barazani, chifu kwenye kiti chake, sisi kwenye viti tulivyowekewa, kina mama chini kwenye mikeka. Tukawauliza shida yao. Wakajibu mabati, barabara, dawa. Mgeni akiuliza shida barazani, hayo ndiyo majibu, hata mimi ningejibu hivyo. Madamu Esperance akaandika yote, lakini nilimwona anaandika polepole, naye alikuwa ameanza kushuku. Hapo nikaanza kumpenda kidogo.

Mchana akateremka mtoni na kina mama kufua, nami nikabaki juu nikitengeneza bawaba ya mlango wa Mama Yaya, mkunga wa kijiji. Aliporudi hakuwa akicheka. Alikuwa amezungumza na mama mmoja kijana, Mwamini, mwenye mimba ya miezi mitano. Hapo lazima niwaeleze kipoyi. Mgonjwa wa vijiji vile asiyeweza kutembea wala kupanda pikipiki hubebwa kwenye kipoyi, yaani kiti kilichofungwa kati ya miti miwili mirefu, mabegani mwa wanaume wanne, na wengine wanne wakitembea pembeni kuwapokea. Kutoka pale mpaka hospitali ya Kabambare ni nusu ya siku. Mvua zilizopita, uchungu ulimshika Mwamini wakati wanaume karibu wote walikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, pamoja na mumewe. Wakatafutwa wanane, wakapatikana watatu, tena mmoja mzee. Wengine wakangojewa mpaka jua likapinduka. Mtoto alizaliwa njiani, hakupumua.

"Na hii ya sasa itakuja na mvua tena," Mwamini alikuwa amemwambia. "Wanaume watakuwa kule kule."

Madamu Esperance akachukua kikaratasi kimoja, akaandika: Mwamini anataka kufika hospitali bila kungoja wanaume wanane. Akakibandika kwenye mlango nilioutengeneza. Sentensi ile niliiheshimu, haikuwa na neno la kubahatisha. Nikasema kazi hii niachieni.

Sasa sikilizeni kosa langu. Hatua ya nne ilisema mfano wa haraka, wa miti na kamba. Mimi nikaona hayo ni mambo ya shule. Fundi wa umri wangu hatengenezi vitu vya kuchezea. Nikajifungia karakana yangu hapa Kasongo wiki tatu, nikatoa kitanda kirefu cha mbao nzuri juu ya magurudumu mawili ya baiskeli, na watu wawili tu wanatosha kukisukuma. Mikono ya kushikia mbele na nyuma, reli pembeni mgonjwa asianguke, vyuma vilivyokunjwa juu, na kitambaa cheupe kikatandazwa juu yake dhidi ya jua. Dereva wa shirika, mtu mnene, akalala ndani, tukamzungusha uani. Watu wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nikakiona kizuri, na ninyi mkikiona kitu chenu kizuri hivyo, anzeni kujishuku.

Tukakifungua vipande, tukakipeleka kwa pikipiki mbili, mvua njia nzima, tukakiunga tena mbele ya nyumba ya Mama Yaya. Kina mama wakaimba. Chifu akashukuru. Tukamuuliza kila mtu, na kila mtu akajibu, "Iko muzuri sana, baba fundi." Mwamini alikigusa kwa ncha ya kidole kimoja, akaurudisha mkono wake ndani ya kitenge. Nilikiona kidole kile. Siku zote mtu akigusa kazi yangu namna ile huwa namfuata mpaka aseme. Siku ile sifa zilinijaa masikioni, nikaondoka.

Tulirudi baada ya miezi miwili. Kitanda kilikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Yaya, pale pale tulipokiacha, kisafi. Hakikuwa na tope wala mkwaruzo. Katika muda ule kina mama wawili walikuwa wamekwenda hospitali, mmoja akiegemea bega la dada yake njia nzima, mwingine akingoja kipoyi siku nzima. Walifika, lakini kwa bahati tu.

Madamu Esperance akavunjika moyo. Akasema labda watu hawajaelewa, tupange kuwahamasisha. Neno hilo likanifanya nianze kumshuku upya, kwa sababu nikisikia watu wanapaswa kufundishwa namna ya kukipenda kitu, najua kitu chenyewe kina kasoro. Lakini kilichonisumbua zaidi ni magurudumu. Mnaijua nchi hii. Magurudumu mawili ya baiskeli, mazima, na tairi zake, miezi miwili nje bila kufuli, katika kijiji ambacho baiskeli ndiyo gari ya mafuta ya mawese na ya muhogo. Na hakuna aliyeyaiba. Hakuna hata aliyeng'oa spoki moja. Mtu haibi kitu kwa heshima au haibi kwa woga, na mimi sikuwahi kuona gurudumu linaloheshimiwa.

Nikamfuata Mwamini. Mimba yake ilikuwa imefika miezi minane, anatembea mkono mmoja kiunoni.

"Kile kitanda iko namna gani, mama?"

"Iko muzuri, baba."

"Basi panda kidogo nione kama kinakutosha."

"Niko na maharagwe kwa moto," akasema, akaenda. Jikoni kwake hapakuwa na moshi.

Nikamwambia Madamu Esperance turudi hatua ya kwanza, tena bila karatasi. Akakubali. Asubuhi iliyofuata tukaketi na Mama Yaya kumenya muhogo. Nawaambia, kama mnataka kusikia mtu anavyofikiri, mpokeeni kazi mkononi. Mtu anayemenya hakutazami usoni, na asiyekutazama usoni haoni haja ya kukufurahisha. Tulimaliza kapu la kwanza tukizungumza habari za mvua. Katikati ya kapu la pili Mama Yaya akatazama huku na huku kama kuna mwenye mimba karibu, akashusha sauti.

"Fundi, ile jeneza ya musikiti kule Kabambare, nani aliitengeneza?"

"Ni miye."

"Njo vile, ndivyo niliwaza," akasema, akaendelea kumenya.

Nikaweka kisu chini. Nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba, nikapima kitanda changu kwa shubiri. Urefu ulikuwa ule ule. Reli zile zile. Mikono minne ya kushikia niliichonga mviringo mwishoni, kama nilivyoichonga ya msikitini, kwa sababu mkono wangu haujui kumaliza mti kwa njia nyingine. Juu nikatandaza kitambaa cheupe. Na magurudumu juu ya hayo. Maishani mwangu nimetengeneza majeneza matano, kila mtu wa njia ile, Mwislamu na Mkristo, amewahi kusimama kando ya njia moja likipita. Nilikuwa nimewapelekea wajawazito jeneza la kusukumwa, nikawauliza kama ni zuri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, si kwa samaki, si kwa lolote.

Nikarudi kwa Mama Yaya. "Juu ya nini hamukuniambia?"

"Ulitoka mbali, fundi. Ulibeba hii kitu na mvua. Tungesema nini?" Akaweka muhogo kapuni. "Tena hatutaji ile jina mbele ya mwenye mimba. Na wenye mimba njo walikuwa wamesimama mbele."

Nikauliza kama kuna msumeno kijijini. Ukaletwa, butu, lakini unakata. Nikakiburuta kile kitanda mpaka mbele ya nyumba, mahali pa wazi, nikararua kitambaa kwanza, kisha nikaanza kukata reli. Watu walisimama kwenye milango yao. Reli ya kwanza ilipoanguka, Mwamini akatoka nyumbani kwake. Ya pili ilipoanguka alikuwa amesimama karibu nami, mikono kiunoni.

"Sasa unataka kutengeneza nini?" akaniuliza.

"Sijui. Niambie weye."

"Mutu muzima anabebwa ameikala," akasema. "Anaona njia. Anajibu salamu. Mwenye kulala, watu wananyamaza akipita."

Ndivyo kipoyi kilivyo, wanangu, ni kiti. Nimekiona tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini si kitanda. Nikaomba kiti cha jikoni cha Mama Yaya, nikakifunga kwa kamba za gome kati ya miti miwili, na gurudumu moja tu chini, kwa sababu njia yenyewe ni nyembamba na vijito vinavukwa juu ya magogo. Mfano wa haraka, wa miti na kamba. Madamu Esperance akanishikia ncha ya kamba, na nilimshukuru kwa hilo.

Mwamini akakikalia, na sasa hakuwa na maharagwe kwenye moto. Akasema iko juu sana, miguu inaning'inia. Nikakata. Akasema uchungu ukija atashika wapi? Nikafunga mti mbele ya kifua chake. Akasema huo unaumiza tumbo, usogeze. Nikasogeza. Mama Yaya na dada yake Mwamini wakamsukuma mpaka kwenye mwembe wa chifu na kurudi, wanawake wawili tu, nao wakalalamika kwamba mikono ya nyuma ni mirefu kwa mwanamke. Nikakata tena. Siku tatu tulifanya hivyo, na kile kiti kilipokazwa kwa misumari na chuma hakikuwa na sura ya kusifiwa. Kilikuwa na sura ya kitu kilichogombewa na watu wengi. Tukamwachia Mama Yaya, nikarudi Kasongo, na sikulala vizuri wiki zilizofuata.

Habari ilinifikia kwa simu ya dereva wa pikipiki. Akasema Mwamini alishikwa na uchungu asubuhi, wanaume hawapo, mvua inanyesha, na wanawake wawili wamemsukuma mpaka Kabambare. Kafika. Mtoto yupo, anapumua. Kisha akaongeza, "Na kile kiti watu wanasema iko muzuri sana, fundi."

Furaha yangu ikaishia hapo hapo. Nilishasikia maneno hayo, katika kijiji hicho hicho, juu ya kitu kingine. Labda alifika kwa miguu na kiti kikafuata nyuma, ili wageni wasione haya. Labda wanaume walipatikana. Madamu Esperance alikuwa tayari anataka kuiandika kwenye ripoti yake, nikamwomba angoje. Nikapanda pikipiki, na mifupa yangu hii ya kizee, mpaka Kabambare.

Kiti kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta wa hospitali. Tope lilikuwa limefika mpaka chini ya mbao ya kukalia, na ule mti wa kushikia, gome lake lilikuwa limechubuka mahali pawili, upana wa viganja vya mtu. Nikaugusa. Hata hapo sikuamini yote. Nikaingia.

Mwamini alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, mtoto kifuani, msichana, mwenye nywele nyingi. Nikatoa pongezi zote zinazostahili. Kisha nikachuchumaa mbele yake na kuuliza nilichokwenda kuuliza, na nilikuwa naogopa jibu moja tu, lile lile la siku ya kitanda.

"Kile kiti, mama. Iko namna gani?"

"Iko mubaya," akasema.

Nikashindwa kujizuia, machozi yakanitoka, na safari hii yalikuwa machozi ya kweli. Yeye hakuyajali. Akaanza kunihesabia kwa vidole. Kwanza kinaegemea kushoto, Mama Yaya ameumia bega. Pili, kwenye mteremko kinakimbia, dada yake alikuwa anakivuta kwa nyuma na kitenge. Tatu, mbao ya mgongoni ni ngumu, fundi alidhani amebeba nani, gunia? Nilikuwa naitikia kila kosa na kulirudia kwa sauti nisilisahau. Alipofika kwenye la nne mtoto akaanza kulia. Mwamini akamgeuza upande wa pili, akaniambia nisiondoke, ngoja amnyonyeshe, bado hajamaliza.